Mpango Unapofika Baada ya Nyumba

Plau ya ng'ombe haijui kusoma. Mvua za kwanza zikishaanguka Ufipa, mkulima wa pembezoni mwa mji anafunga ng'ombe wake nira na kuingia shambani. Pale pale alipopita mwaka jana bila tabu, safari hii plau inagota kitu kigumu. Ni kibonge cha zege chenye nondo katikati, na juu yake kuna herufi na namba zilizoandikwa zege likiwa bichi. Bikoni ya wapimaji. Kuing'oa ni kosa, kwa hiyo anainyanyua plau, anaizunguka, anaendelea na tuta lake. Watoto wataikalia wakichunga mbuzi. Inaweza kupita miaka kabla mtu mwenye mamlaka hajamwambia kwamba, kwa mujibu wa mchoro ulioko ofisi ya ardhi, hapo anapopanda mahindi ni barabara ya mtaa.

Kizwite ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, mji uliopanda cheo upesi huku watu wake wengi wakiendelea kula kwa jembe. Rukwa ilifanywa mkoa mwaka 1974 na Sumbawanga ikawa makao makuu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu zaidi ya 209,000 katika manispaa, ya 2022 ikawakuta karibu 304,000. Katikati ya hapo lami ya kutoka Tunduma ilifika, ya kwenda Mpanda ikaufungua mji upande wa kaskazini, na uwanja wa ndege ukaingizwa kwenye orodha ya vile vinavyojengwa upya. Lami hupandisha bei ya ardhi kabla yenyewe haijapoa. Eneo ambalo baba alilipata kwa kufyeka, mtoto anaulizwa bei na mgeni aliyeshuka kwenye gari bila hata kuzima injini.

Watu wengi wakisikia mipangomiji wanaona bomoabomoa: tingatinga, kilio, mabati yaliyokunjamana. Hiyo ipo, nitaifikia. Lakini kinachomgharimu zaidi mwenye ardhi wa Kizwite hakina kelele. Ni mpango unaofika umechelewa, baada ya tofali kuchomwa, msingi kujazwa na bati kupigiliwa. Sheria ile ile ambayo ingemlinda kama ingemtangulia, ikimkuta ameshajenga inamgeuza mvamizi kwenye ardhi yake.

Mabadiliko yenyewe huanza kimyakimya. Chini ya Sheria ya Mipangomiji Namba 8 ya mwaka 2007, waziri mwenye dhamana ya ardhi akishatangaza sehemu kuwa eneo la mipangomiji, hakuna anayeruhusiwa kuendeleza kipande chochote ndani yake bila idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa hapa ni halmashauri ya manispaa. Tangazo linatoka katika Gazeti la Serikali. Sijawahi kumwona mtu akilisoma Gazeti la Serikali kijiweni.

Kijiji nacho kikimezwa na mji kinakuwa mtaa, na hapo watu hudhani kilichobadilika ni mhuri tu. Sivyo. Halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, ina mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji na kuigawa. Serikali ya mtaa haina. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia mauziano, akasaini na kugonga mhuri, ila mhuri ule hauigeuzi karatasi ya mauziano kuwa hati, wala hausemi eneo linalouzwa limepangiwa nini. Mnunuzi anaondoka na karatasi yenye sahihi za mashahidi wanne, ameiweka kwenye nailoni isilowe, akiamini mambo yameisha.

Mahakama zetu zililigusa suala hili zamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Nyagwaswa dhidi ya Nyirabu lililohusu ardhi ya Mbezi, Dar es Salaam, ilikabiliana na swali la mtu anayeshikilia ardhi kimila mahali palipokwishatangazwa kuwa mji. Majibu yaliyojitokeza kwenye mashauri ya miaka ile hayakumpa mtu huyo usalama mkubwa: alikaribia kuhesabiwa mvamizi anayevumiliwa. Kisha mwaka 1994, katika shauri la Akonaay, Mahakama hiyo hiyo ikasema haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ikaja kuongeza jambo ambalo wazee walikuwa wakililia siku zote, kwamba ardhi yenyewe ina thamani, hata ikiwa tupu. Kabla ya hapo aliyeondolewa alilipwa nyumba, migomba na kaburi, udongo ukahesabika si kitu.

Kwa hiyo kwenye karatasi mwenye ardhi wa leo amesimama vizuri kuliko baba yake. Tuone sasa kule shambani.

Tuseme kuna mzee mwenye ekari nne Kizwite. Alizipata wakati mji uko mbali, akapanda mikaratusi mpakani, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma, akazeeka. Ekari nne ni kama mita za mraba 16,000. Mchoro wa mipangomiji unapopita juu yake, barabara na maeneo ya umma huchukua sehemu yake kwanza. Zikiondoka robo, zinabaki mita 12,000, ambazo kwa viwanja vya mita 600 ni viwanja ishirini. Kihesabu, mzee ametajirika. Ekari moja ya mahindi haiwezi kushindana kwa bei na viwanja vitano vilivyopimwa.

Lakini nani analipa upimaji? Mara nyingi mzee hana fedha hizo. Hivyo hufanywa makubaliano: halmashauri au kampuni binafsi ya upimaji inabeba gharama, kisha inachukua sehemu ya viwanja kwa uwiano uliokubaliwa. Si mpango mbaya, na ukiendeshwa kwa uwazi umewasaidia wengi nchini. Ubaya wake ni kwamba uwiano unajadiliwa kati ya mtu anayeujua mchoro na mtu asiyeuona. Viwanja vya kona, vinavyotazama barabara pana, havina bei sawa na vile vilivyojibana mkiani. Anayejua mchoro anajua achague vipi.

Na hapo bado tunazungumzia mzee mwenye bahati. Wa pili, jirani yake, kalamu ya mpangaji imemwangukia vingine. Mazungumzo yake na afisa wa ardhi kwenye kaunta huenda hivi:

"Shikamoo mzee. Nimeliangalia eneo lako. Kwenye mchoro hapa ni eneo la wazi."

"Marahaba. La wazi kivipi, mwanangu, na mahindi yangu yamefika kiunoni?"

"Namaanisha limetengwa, mzee. Viwanja vya michezo, bustani. Kibali cha kujenga hatuwezi kutoa."

"Basi nilipeni."

"Kulipwa ni mpaka litwaliwe, mzee wangu. Bado halijatwaliwa."

Afisa hajasema uongo hata kidogo, na hilo ndilo linalouma. Eneo limetengwa lakini halijatwaliwa. Mzee haruhusiwi kujenga, hawezi kuuza kwa bei ya kiwanja, na fidia haidai kwa kuwa hakuna aliyemnyang'anya chochote. Shamba linabaki lake kwa kulilima tu, tena hata kulima kuna kikomo chake mjini: kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka mpaka wa ekari tatu kwa mtu mmoja. Mji wenye ghala za mahindi umewekewa kikomo cha kulima mahindi. Sumbawanga hujifanya haijasikia, na kwa hili naungana nayo.

Siku eneo likitwaliwa kweli, sheria ni ya ukarimu kuliko sifa zake mtaani. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka mwenye eneo alipwe thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayohesabiwa kwa pango la miezi 36, na faida iliyopotea kama alikuwa na biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili tu. Vipengele hivi kila mwenye shamba pembezoni mwa mji angepaswa kuvijua kama anavyojua bei ya debe la mahindi. Wengi hujua kipengele kimoja, cha nyumba, wakasaini fomu huku wamesimama.

Bei ya soko yenyewe ina mtego. Ni soko lipi, la mashamba au la viwanja? Shamba linathaminiwa likiwa bado shamba. Baada ya kutwaliwa, kupangwa na kupimwa, mita zile zile zinauzwa kwa bei ya kiwanja, na tofauti hiyo ndiyo inayowafanya watu waapie kwamba wameibiwa. Wapo wanaopanga mji watakaojibu kwamba ongezeko la thamani limeletwa na barabara, bomba la maji na upimaji, wala mkulima hakulitolea jasho. Kuna ukweli hapo. Ila kama ongezeko si la mkulima kwa kuwa hakulitolea jasho, hasara pia isiwe yake peke yake pale kalamu inapomgeuzia shamba kuwa eneo la wazi. Huwezi kugawana faida kwa hoja moja na hasara kwa hoja nyingine.

Mvutano huu si wetu peke yetu. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, karibu na Cleveland, ambako kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68. Kampuni ilitaka kuziuza kwa viwanda, kijiji kikapanga sehemu yake iwe ya makazi. Ambler wakadai ekari iliyokuwa na thamani ya dola 10,000 ingeshuka hadi dola 2,500. Walishindwa, na upangaji wa matumizi ya ardhi ukahalalishwa Marekani nzima. Hata hivyo wao walikuwa wanabishana kama serikali inaweza kumwekea mipaka mwenye mali. Kwetu ubishi huo ulikwisha kabla ya kuanza: ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati inampa mtu haki ya kuitumia kwa muda, hadi miaka 99, na kwa masharti yaliyoandikwa humo humo. Matumizi ni sehemu ya hati. Ukiandikiwa makazi, umepewa makazi.

Hapo ndipo zinapoingia fremu. Tembea barabara yoyote ya mtaa Sumbawanga utaona: nyumba ilikuwa na uwanja mbele, sasa ina fremu tatu. Moja ya kuuza vocha na soda, moja saluni, moja imefungwa ikisubiri mpangaji. Mwenye nyumba amepata kodi ya kusomeshea mtoto. Kisheria amebadili matumizi bila idhini, na pengine amesogea hadi ilipopaswa kubaki nafasi kati ya ukuta na mpaka. Njia halali ipo: kuomba kubadilisha matumizi kuwa makazi na biashara, tangazo likatolewa ili majirani waseme, ombi likapita kwenye kamati ya halmashauri, kodi ya pango la ardhi ikapanda. Watu hawapitii njia hiyo kwa sababu ni ndefu na fremu zinakamilika wiki mbili.

Mimi fremu sizionei shida. Ninachokionea shida ni mashine za kusaga na kukoboa. Ufipa ni nchi ya mahindi, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda yake hapa, na kila mtaa unahitaji mashine karibu, kwani hakuna mama atakayebeba debe kilomita tatu ili kumridhisha mpangaji wa mji. Lakini mashine inaponguruma tangu asubuhi ukutani kwa jirani mwenye mgonjwa, pumba zikatua kwenye nguo alizoanika, ni nani ameathirika na uhuru wa mwenye mali? Jirani naye ana mali. Thamani ya nyumba yake imeshuka na hakuna mthamini atakayekuja kuihesabu. Wanaolalamika kwamba kanuni za matumizi zinawabana wenye ardhi husahau kwamba anayelindwa na kanuni hizo pia ni mwenye ardhi, yule wa upande wa pili wa ukuta. Yapo na yale ya mabondeni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na aliyejenga jirani na mto Lwiche akiisikia sheria hiyo kwa mara ya kwanza siku ya kuwekewa alama, hatashukuru kwamba inamwepusha na mafuriko.

Alama zenyewe zina rangi, na rangi ndiyo kila kitu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyekuwa nje ya mita 22.5 akajikuta ndani ya 30 bila kuhamisha hata tofali. Huyo huwekewa X ya kijani: atalipwa fidia eneo lake litakapohitajika. Aliye ndani ya zile 22.5 za zamani huwekewa nyekundu, na kwake fidia hakuna. Mita moja inatenganisha kulipwa na kubomolewa bure. Dar es Salaam waliliona hili kwa ukubwa wa kutisha mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya, hifadhi ikipimwa zaidi ya mita 120 kila upande kwa sheria yenye mizizi ya kikoloni. Wengine walikuwa wamelipia umeme na maji ya serikali miaka yote hiyo.

Kwa waliokwishajenga bila mpango, dawa iliyopo inaitwa urasimishaji. Wapimaji wanakuja mtaani, wanachora kufuata nyumba zilivyo, wanapitisha barabara panapopitika, kila mtu anapata kiwanja na hatimaye hati. Mtaa unafanya mkutano, unachagua kamati, wananchi wanachangia. Kampuni nyingi zilipokea michango hiyo katika miji mbalimbali na kazi zikakwama, hadi Wizara ya Ardhi, William Lukuvi akiwa waziri, ikashusha kiwango cha mchango kutoka shilingi 250,000 hadi 150,000 kwa kiwanja. Baadaye ukaja Mradi wa Kuboresha Usalama wa Milki za Ardhi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150.

Urasimishaji una jambo moja ambalo halisemwi mkutanoni kwa sauti kubwa. Barabara ya mtaa inapopitishwa, ardhi yake inatoka kwa wenye nyumba bila fidia. Inaitwa kuchangia. Aliye ndani kabisa, asiyefikiwa na gari, anapata barabara kwa kuchangia fedha tu. Aliye kwenye mkondo wa njia anachangia jiko lake, choo chake, au ule ukuta aliomaliza kuujenga juzi. Thamani ya viwanja vyote inapanda, gharama imebebwa na nyumba sita. Kamati ya mtaa ikiwa makini huwabana wanaofaidika wachangishane kumjengea choo aliyevunjiwa, na hili linawezekana mahali ambapo watu bado wanazikana. Kanuni hailazimishi.

Ubaguzi wa kupanga mji kwa kumwangalia mtu tuliurithi. Waingereza waliigawa Dar es Salaam kanda tatu kwa kigezo cha ubora wa majengo, ambacho kivitendo kilikuwa rangi ya mwenye nyumba, na sheria ya mipangomiji ya mwaka 1956 tuliyoitumia hadi 2007 ilitungwa nao. Uzunguni kulipangwa kwanza, ndipo pakajengwa. Kwa Mwafrika palijengwa kwanza. Mpangilio huo wa nani aanze bado unaendelea hata baada ya rangi kuondoka: kiwanja kilichopimwa humfikia mwenye fedha kabla hajajenga, na mpango humfikia mwenye jembe baada ya kujenga.

Anayenunua Kizwite leo anaweza kujiokoa kwa kazi ya asubuhi moja: achukue vipimo vya eneo kwa simu, aende navyo ofisi ya ardhi ya manispaa, aulize eneo limo kwenye mchoro gani na limepangiwa nini, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Kuuliza kama lina hati hakutoshi, kwa sababu eneo lisilo na hati linaweza kuwa limeshachorewa shule. Na kama ningekuwa na sauti kwenye baraza la madiwani ningeomba kitu rahisi mno: mchoro wa kila mtaa ubandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa huo, ukubwa wa mlango, wenye majina ya mito na mikaratusi ambayo watu wanaitambua. Karatasi na gundi.

Nirudi kwa mzee wa ekari nne, maana mambo yake hayaishii kwenye viwanja ishirini. Alishawagawia watoto shamba lile kwa macho, kila mmoja ekari yake na yake moja ya kufia. Mchoro haukuujua mgawo huo. Ekari ya kaka mkubwa imetoa viwanja sita, vitatu vya kona. Ekari ya binti imeliwa na barabara ya mita kumi na mbili pamoja na kipande cha zahanati, amebakiwa na viwili. Karatasi za ofisi zina jina moja, la baba, na baba akifariki kabla hawajakaa kikao, viwanja sita vitadaiwa kuwa vya kaka kwa sababu "baba alisema ekari ile ni yako". Hata vile viwili vya binti vina saa inayohesabu: toleo la kiwanja huja na sharti la kukiendeleza ndani ya miezi 36. Hana fedha za msingi, ana ada za shule. Kwa hiyo anauza kimoja ili ajenge kingine, na anayenunua ni yule wa gari lisilozimwa injini, ambaye mchoro ameshauona.